Mpwa Wangu Anataka Kwenda Shule kwa Baiskeli

Swali nililoulizwa zaidi kuliko yote tangu nianze kwenda kazini kwa baiskeli hapa Dar es Salaam ni hili fupi: huogopi? Wameniuliza wenzangu ofisini, ameniuliza mlinzi wa pale getini, ameniuliza hata trafiki mmoja, huku akicheka, siku ambayo foleni ilikuwa imegoma kabisa na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisogea. Mtu akiulizwa jambo lilelile kila mara hujiwekea majibu ya akiba. Nikiwa mcheshi nilisema hata kitandani watu hufa. Nikijiona msomi nilieleza habari za moyo na mapafu, bei ya petroli, na saa ambazo watu wa Mbezi na Tegeta huziacha barabarani kila jioni wakiwa wameshika usukani wa gari lisilosogea. Majibu hayo hayakuwa ya uongo. Nadhani ndiyo sababu ilinichukua muda mrefu kuona kwamba hakuna hata moja lililojibu nilichoulizwa.

Naogopa, bila shaka. Na hofu yangu ina vituo vyake, kama daladala. Iko pale magari yanapochomoka kwenye foleni ya Mwenge kuelekea Lugalo, kila dereva akitaka kufidia dakika alizopoteza. Iko katika sauti ya lori la saruji linapokuja nyuma yangu, sauti ambayo nimejifunza kuisoma: mlio ukishuka, dereva ameniona, ukiendelea vilevile, hajaniona au hajali, na hapo natafuta pa kukimbilia. Iko asubuhi, saa za kutanua, wenye haraka wanapoiacha njia yao na kupita pembeni kabisa, juu ya kile kipande ambacho mimi, muuza karanga na mama mwenye mtoto mgongoni tulidhani ni chetu.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mwendesha baiskeli mzuri ni yule anayeimudu hofu hiyo. Nikajifunza kutazama nyuma bila usukani kuyumba. Nikajifunza kutobana sana ukingoni, kwa sababu ukibana mno dereva hukuona kama umempisha, hupita akiwa amekugusa shati; ukitoka kidogo analazimika kuamua. Nikajifunza kutafuta macho ya dereva kabla ya kukata kona. Yote hayo niliyahesabu kuwa usalama, na usalama huo niliuona kuwa sifa yangu mimi, kitu nilichokipata kwa bidii na ambacho mwingine naye angekipata akiwa na bidii.

Kisha mpwa wangu akaingia kidato cha kwanza.

Dada yangu anaishi Tegeta, upande wa Wazo. Shule ya kijana iko ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa baharini, mwendo ambao kwa miguu unachosha na kwa daladala ni vita. Wanafunzi wanalipa nauli ndogo, na asubuhi kondakta mwenye abiria wengi wa nauli kamili huwa hawaoni wenye sare. Kijana alichelewa, akaadhibiwa, akachelewa tena, mwisho akaomba baiskeli. Mama yake hakusema ndiyo wala hapana. Akanipigia simu mimi.

"Kaka, hili ni lako. Wewe ndiye unayetuhubiria baiskeli kila Idi na kila Krismasi. Mwambie mwenyewe."

Nilikaa na ile simu mkononi nikashangaa jinsi nilivyokosa la kusema. Kama usalama wangu ulikuwa ni ujuzi, basi ningeweza kumfundisha. Kama nisingeweza kumfundisha, basi kulikuwa na jambo katika ule ujuzi ambalo sikuwahi kulitazama vizuri.

Mtu asidhani anayesita ni mama asiyeijua baiskeli. Mimi na dada tulikulia Tabora. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, yenye breki za vyuma na kengele iliyosikika mtaa wa pili, na kabla hatujafikia urefu wa kukalia tandiko tuliiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, chini ya lile bomba la juu, mwili umepinda huku na baiskeli imeinamia kule, pedali inasukumwa nusu mzunguko na kurudishwa. Dada alikuwa bingwa wa mtindo huo. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo bombani na dumu la maji likiwa limefungwa kwa mpira kwenye keria, na siku nyingine juu ya keria hiyohiyo alikaa mdogo wetu wa mwisho akiimba. "Baiskeli siiogopi," aliniambia tulipokutana. "Nawaogopa nyie wenye magari." Alisema nyie kwa sababu Jumapili huwa naendesha gari, na wakati huo alikuwa amekaa kiti cha mbele kando yangu.

Tofauti kati ya Tabora ile na Tegeta hii nilizoea kuieleza kwa tabia za watu. Watu wa zamani walikuwa wastaarabu, wa sasa wana haraka; hayo ndiyo maelezo niliyokuwa nayo, na yana utamu wake, kwa kuwa yanamwacha msemaji upande wa wastaarabu. Ila Tabora ilikuwa na magari machache na mitaa mingi iliyoachana kwa hatua chache, kila mmoja ukiwa na miembe yake. Njia moja ikikushinda unashika nyingine. Dar es Salaam ya kaskazini imekua kwa namna tofauti. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo ya Boko, Bunju, Mbweni na Mivumoni, lakini kabla yake na baada yake watu wengi walinunua vipande kwa wenyeji bila mpimaji kukanyaga, na kila aliyenunua akajenga ukuta. Ukuta ukafika kwenye ukuta wa jirani, kichochoro kikafa. Mitaa mingi imebaki na mlango mmoja tu wa kutokea, nao unaangukia barabara kuu. Nyumba mbili zinaweza kuonana mapaa, na bado ili utoke moja uende nyingine lazima ushuke hadi kwenye lami, uchanganyike na malori yanayobeba saruji kutoka Wazo na mabasi ya Bagamoyo, kisha upande tena.

Lami yenyewe nayo ikapanuliwa. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta, karibu kilomita 13, kilijengwa upya kuwa njia nne kwa msaada wa Japani, kikazinduliwa mwaka 2014. Nilifurahi kama kila mtu. Ukiwa umekaa miaka kwenye foleni ya njia mbili na vumbi lake huwezi kuitazama barabara mpya pana ukaanza kuuliza maswali.

Mimi na kijana tulikubaliana kwamba kabla ya jibu lolote tuipite njia nzima pamoja, Jumamosi asubuhi, wakati magari ni mengi kiasi lakini si wazimu wa Jumatatu. Aliazima baiskeli ya jirani. Kipande cha ndani kilikuwa raha tupu: mchanga mwepesi, mbwa waliozoea watu, pilikapilika za asubuhi za wauza maji na madumu yao. Alipiga kengele bila sababu. Nami nikaanza kutunga kichwani jibu la ndiyo.

Tulipofika barabara kuu nilimtanguliza ili nimwone, na hapo nikaanza kuona mambo ambayo kwa miaka yote nikiwa peke yangu sikuwahi kuyaona. Alipogeuza kichwa kutazama nyuma, mabega yalikwenda na kichwa, na usukani ukaenda na mabega. Kila alipotii agizo langu la kuangalia nyuma alichepuka nusu mita kuingia kwenye njia ya magari. Alipoacha kuangalia alibana ukingoni, karibu na mfereji, pale ambapo baadhi ya mifuniko ya zege haipo. Mimi nina urefu unaofanya kichwa changu kionekane juu ya gari dogo. Yeye kichwa chake kiko usawa wa kioo cha pembeni.

Mbele yetu koasta ikachepuka ghafla kushusha abiria. Nikapiga kelele, "Izunguke!" Kisha nikasikia kitu kizito kinakuja nyuma yetu, nikapiga kelele tena, "Simama!" Alisimama, mguu mmoja chini, akanigeukia na uso wa mtoto aliyeambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Bado najiuliza lipi lilikuwa sahihi. Mimi ningezunguka. Lakini mimi ningezunguka kwa sababu ningekuwa nimeshaisoma ile sauti tangu mbali, na hilo sikuwa nimemfundisha, wala sijui linafundishwaje kwa mtu wa umri wake bila kumweka kwanza mbele ya malori.

Hesabu za mwendo nilikuwa nazijua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva makini akiona hatari huhitaji takriban sekunde nzima kabla mguu haujagusa breki, kwa hiyo mita 22 zimekwisha na gari halijapungua chochote, ndipo zifuate nyingine zaidi ya 30 za kusimama, ikiwa lami ni kavu na tairi zina kashata. Kwenye kilomita 50, mwendo ambao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inauruhusu penye makazi, jumla ni kama mita 28. Kwenye 30 hazifiki 15. Niliwahi kuzisema namba hizi kwenye kikao cha ofisini nikapigiwa makofi. Sikuwahi kuzipima kwa maneno "mjomba, nipite?", ambayo mpaka mtoto ayamalize kuyasema pikapu imeshatoka kwenye nguzo ya umeme ya mbali hadi kwenye pundamilia.

Nasema pikapu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulifika kwenye kivuko, tukashuka, tukasimama. Gari dogo lililokuwa njia ya kushoto likasimama vizuri kabisa. Dereva, mwanamama mwenye miwani, akatupungia mkono tupite. Kijana akamwitikia kwa kichwa kama alivyolelewa, akaanza kusukuma baiskeli. Nikamshika keria. Kwenye njia ya pili, ile ya kulia, pikapu ikapita bila hata kupunguza.

Kwa siku kadhaa nilimchukia yule dereva wa pikapu kwa nguvu zangu zote. Halafu, kila nilipolirudia tukio lile, chuki ilikosa mahali pa kukaa. Hakumwona mtoto, kwa kuwa gari lililosimama lilimziba. Mtoto hakuiona pikapu kwa sababu hiyohiyo. Yule mama alifanya kila kitu ambacho mabango ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani yanatuomba tufanye, na wema wake ndio uliotengeneza upofu wa pande mbili. Barabara ilipokuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi jambo hili halikuwepo: gari la mbele likisimama, la nyuma yake nalo limesimama, litake lisitake. Tulipoongeza njia tuliongeza pia mahali pa kufichama, na sidhani kama yeyote kati yetu tuliokuwa tukishangilia uzinduzi aliliwazia hilo. Tazama pia kwamba hakuna mkorofi katika habari hii. Nilikuwa nimezoea kila ajali kuitafutia mkorofi, na nikimpata nilitulia, kana kwamba kumtaja ndiyo dawa.

Sitaki kusema kwamba tabia hazina maana. Yapo mabasi yanayoshindana, wapo wanaoendesha wamelewa, ipo simu iliyowekwa mapajani. Lakini Jumapili iliyofuata, nikiwa na gari, nilijaribu kushika 50 kutoka Tegeta hadi Africana kwa ajili ya kuona tu. Nilipigiwa honi. Nikapitwa kulia, nikapitwa kushoto, na jamaa mmoja akanitazama kwa huruma kama mtu ambaye gari limemharibikia. Nilipofika karibu na Africana sindano ilikuwa juu ya 70 na sikukumbuka ni wapi nilipoongeza. Barabara pana iliyonyooka hukwambia mwendo wake, na kibao cha pembeni hakisikiki. Magari yanayokuja yaliponiwashia taa kunitahadharisha kwamba mbele kuna trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo, nilipunguza. Nilipomvuka trafiki, mguu wenyewe ukarudi ulikokuwa. Dada aliona yote hayo kutoka kiti cha mbele na kwa hekima yake hakusema neno.

Nilianza kusoma, ambako ndiko hukimbilia nikishindwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Uholanzi, ambayo tunaonyeshwa picha zake tukadhani walizaliwa juu ya tandiko, mwaka 1971 ilizika zaidi ya watu 3,000 waliokufa barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na kampeni ambayo jina lake liliviita vifo hivyo mauaji ya watoto, bila kupamba. Hawakuomba watoto wafundishwe kuwa wajasiri zaidi, waliomba mitaa ibadilishwe, na polepole, kwa ugomvi mwingi, ikabadilishwa.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa karibu, humuhumu Dar es Salaam. Shirika la Amend limekuwa likizunguka shule za msingi zenye watoto wengi wanaogongwa, likitengeneza vitu vidogo: njia ya miguu pembeni, vigingi vya kuzuia magari kupanda, matuta, pundamilia, vibao vya 30, geti la shule kuhamishwa lisifungukie kwenye barabara. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji na taasisi ya World Resources Institute (WRI), na tathmini zilionyesha majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo. Nilizisoma habari hizo mara mbili tatu nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba watoto walipewa mafunzo ya ushujaa. Mafunzo ya kuvuka yapo, ndiyo, lakini ni kiungo. Chakula chenyewe ni zege na rangi. Halafu nikapata mashaka upya, kwa kuwa mengi ya hayo hufanyika kwenye barabara za mitaani, na tuta huwezi kuliweka kirahisi mbele ya lori la saruji kwenye barabara kuu ya kuelekea Bagamoyo. Au unaweza? Wapo wahandisi watakaosema ndiyo na wengine watakaocheka, na mimi sina uwezo wa kuwaamua.

Hata kofia ilinichanganya. Dada alimnunulia kijana kofia ngumu, ya buluu, akaona angalau hilo tumelimaliza. Nikamsimulia habari ya mwanasaikolojia Ian Walker, ambaye mwaka 2007, akiwa Chuo Kikuu cha Bath, alichapisha utafiti alioufanya kwa kufunga kipimo kwenye baiskeli yake na kurekodi magari zaidi ya 2,000 yakimpita. Alipovaa kofia yalimpita karibu zaidi, kwa wastani wa sentimita 8 na nusu, na alipovaa nywele ndefu za bandia ili aonekane mwanamke kwa nyuma, yalimwachia nafasi kubwa zaidi. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine wakazipitia takwimu zilezile wakasema tofauti hiyo ya kofia haina uzito walioudhania watu. Dada alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo avae au asivae?" Nikasema avae. "Basi ungesema hivyo."

Karibu na ile njia ya kuingilia kwao kuna fundi baiskeli, kijiwe chake kiko chini ya mwarobaini, na hapo ndipo nilipompata mtu aliyenitoa utamu uliobaki. Alikuwa muuza mikate, wa makamo, keria yake imebebeshwa kreti zilizofika juu ya kichwa, anasubiri pancha ibandikwe. Fundi alikuwa ameivuta tyubu nje, anaizungusha ndani ya beseni la maji akitafuta mapovu. Nilimwambia muuza mikate, kwa ile furaha ya watu wa chama kimoja, kwamba nami ni mwenzake. Aliitazama baiskeli yangu, akaitazama kofia yangu, akauliza bei. Kisha akasema, bila kinyongo, "Mimi kaka nikipata bodaboda leo, hii naiacha hapahapa kwa fundi."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Waendesha baiskeli wa barabara hii siku zote ni watu kama yeye: wa mikate, wa maziwa, wa samaki kutoka Kunduchi na matenga yanayovuja maji ya barafu, wasukuma guta. Wao hawaulizwi kama wanaogopa. Hakuna anayewaona kuwa jasiri wala wapenda mazingira, ni watu tu ambao hawajafanikiwa bado, na barabara nayo imejengwa kwa kuwasubiri wafanikiwe. Mimi nikiogopa sana asubuhi moja, gari lipo uani. Kwa hiyo ule ujasiri niliokuwa nikiusifia moyoni ulikuwa na mlango wa nyuma ulioachwa wazi, na mpwa wangu, kama muuza mikate, mlango huo hana. Sikuona aibu, labda nilipaswa. Niliona zaidi kwamba nimekuwa nikijibu kwa niaba ya watu ambao hawakunituma.

Tuliishia kwenye mpango usiomfurahisha yeyote. Kijana anaendesha kutoka nyumbani hadi kwa fundi, kupitia njia za ndani. Anaiacha baiskeli pale kwa malipo madogo, anavuka kwa miguu pamoja na kundi la wenzake, anamalizia upande wa pili akitembea. Muda anaookoa ni mdogo. Yeye ananung'unika kwamba hiyo si kwenda shule kwa baiskeli, na kusema kweli ana haki. Mama yake anaona tumempa mno. Sijui nani kati yao atakuwa amesema sawa. Naomba tu nisije kulijua jibu kwa njia mbaya.

Baada ya hapo niliandika barua kwa serikali ya mtaa, ili nao waipeleke panapohusika, kwa kuwa barabara kuu si yao. Niliomba rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, kabla ya kivuko, taa, alama za mwendo saa za shule, na kivuko kiinuliwe. Ilikuwa barua nzuri, yenye mita na sekunde zake. Nilimpa kijana aisome, nikitegemea asifie Kiswahili.

"Mjomba, hujaandika kituo."

"Kituo gani?"

"Cha daladala. Kiko kabla ya pundamilia. Koasta ikisimama pale inatuziba. Wangekiweka baada ya pundamilia tungeona."

Nimepita mahali pale kwa miaka, kwa baiskeli na kwa gari, na nisingeweza kuapa kama kituo kiko kabla au baada. Nilikwenda nikaangalia. Kiko kabla, hatua chache tu. Nilimuuliza aliwezaje kuliona, akasema sisi wakubwa tunatazama magari yanayokuja, wao muda wote wako nyuma ya koasta.

Nikaichapa upya, hoja ya kituo ikapanda ikawa ya kwanza na rasta zikashuka. Dada alisaini, akaandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa, kisha akauliza kama kwenye ile karatasi ya majina kuna nafasi ya fundi na ya muuza mikate, maana hawana mtoto pale ila ndio wanaopita kila siku. Nafasi ilikuwapo. Fundi alisaini bila kusoma. Muuza mikate aliisoma yote, kreti zake zikimsubiri, akasema hajaona sehemu inayozungumzia mfereji usio na mifuniko, na yeye hupita saa kumi na moja alfajiri, gizani. Ikabidi niirudishe tena kwenye kompyuta.